Kabla hujaangalia geti la chuo, kaangalie wodi

Wadogo zangu wa Shinyanga mjini, Kahama, Kishapu, Geita, Bukombe na Nyang'hwale, matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, kona hii hugeuka ofisi ya udahili. Safari hii naona mmepania uuguzi. Ujumbe unaanza vilevile: "Dada, nataka digrii ya uuguzi, chuo cha Kanisa, unanishauri nini?" Halafu kila mtu na mkia wake. Mmoja ni Mwislamu, anaogopa kuonekana mgeni. Mmoja baba yake kamwambia unesi ni kazi ya kumwaga mikojo ya wagonjwa. Mmoja kaka yake yuko machimboni Nyarugusu na kaahidi kulipa ada yote, "duara likitema," yaani shimo lake likitoa dhahabu. Mwingine anauliza mshahara tu, basi. Nitawajibu wote, ila si kwa foleni mliyoipanga nyinyi.

Kwanza tujue tunazungumzia wapi. Huku Kanda ya Ziwa ukisema digrii ya uuguzi chuo cha Kanisa, watu wanaelewa Bugando: Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, Mwanza, ambacho wenyewe tunakiita CUHAS. Kilianza mwaka 2003 kikiwa chuo kishiriki cha SAUT, na kipo kwenye kilima kilekile cha hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971. Ukitoka nje ya kanda, Moshi wapo KCMC, na Dodoma wapo St John's, chuo cha Waanglikana kilichofunguliwa mwaka 2007 kwenye majengo ya iliyokuwa shule ya sekondari ya Mazengo. Nyumbani Shinyanga tunayo Kolandoto ya AICT, hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland mwaka 1913, na chuo chake cha afya. Kolandoto unasoma diploma, na msiikunjie uso diploma, nitairudia.

Sasa sikilizeni. Mnanitumia maswali kuhusu hosteli, kuhusu sare, kuhusu kama kuna kwaya. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali ambalo mimi ningeliuliza la kwanza: wodi ni za nani, na ziko wapi?

Uuguzi haufundishwi darasani peke yake. Mwaka wa kwanza utakula anatomia, fiziolojia, baiokemia na maikrobiolojia, na kwenye maabara ya ujuzi utamchoma sindano mdoli wa plastiki ambaye halalamiki. Baada ya hapo maisha yako yanahamia wodini: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, wazazi, afya ya akili. Miaka 4 ya digrii, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Sehemu kubwa ya utakachokijua siku ya kuapa utakuwa umekipata ukiwa umesimama karibu na kitanda, muuguzi mwenye uzoefu akiwa pembeni yako anaangalia mikono yako.

Chuo kisicho na hospitali yake hukupeleka kuazima wodi ya wenzao. Huko unakuta vyuo vingine navyo vimeleta watu, mgonjwa mmoja amezungukwa na wanafunzi wa sare za rangi nne tofauti, kila mmoja na logibuku yake anatafuta saini. Aliyewahi kuingia ndiye aliyeweka kanula. Wengine mmeangalia. Mwisho wa mzunguko wote mna saini, ila mikono haijui kitu. Ndiyo maana nawaambia, ukienda kuangalia chuo, mpite mlinzi wa geti, upite na ofisi ya udahili, ukawatafute wanafunzi wa mwaka wa tatu wakitoka zamu. Waulize: ukiwa wodi ya wazazi, unapata kuzalisha kwa mikono yako mwenyewe au unaandika tu? Mko wangapi kwa mgonjwa? Anayekusainia logibuku amekuona ukifanya, au anasaini rundo siku ya Ijumaa? Majibu yao yatakupa sifa za chuo kuliko kipeperushi chochote.

Hapa ndipo vyuo vya Kanisa vina kitu mkononi, na sababu yake ni ya kihistoria zaidi kuliko ya kiroho. Wamisionari walijenga hospitali kwanza. Shule ya wauguzi ikafuata kwa kuwa hospitali ilihitaji mikono, na mahali pengine chuo kikuu kikaja miaka mingi baadaye. Kolandoto ni hivyo, Sumve kule Kwimba ni hivyo, Sengerema ni hivyo. Bugando ilikuwa hospitali zaidi ya miaka 30 kabla haijawa na chuo kikuu. Kwa hiyo mwanafunzi wa pale akivuka uwanja tu yuko ndani ya hospitali ya rufaa yenye vitanda zaidi ya 900, inayopokea watu wa mikoa minane, kuanzia Mara mpaka Kigoma. Hapo huazimi wodi. Ila hata hapo waulizeni wa mwaka wa tatu, kwa sababu hospitali kubwa nayo ina wanafunzi wengi, na wa udaktari nao wanamtaka mgonjwa yuleyule.

Niwaonyeshe kitu kimoja kidogo ili mjue kazi yenyewe ikoje. Daktari ameandika mgonjwa apate lita moja ya maji ya dripu kwa saa 8. Umetundika chupa. Mpira wa dripu uliopewa unatoa matone 20 kwa kila mililita. Utauachia matone mangapi kwa dakika? Mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya: karibu matone 42. Unashika kile kigurudumu cha kwenye mpira, unatazama saa yako, unahesabu, unapunguza, unahesabu tena. Ukikosea kwa mtu mzima mwenye moyo mzima, pengine atakojoa sana. Ukikosea kwa mtoto wa utapiamlo mwenye kilo 6, umemzamisha mapafu. Kwa hiyo unaponiuliza kwa nini waliotoka diploma wanadaiwa angalau D ya Hisabati ya kidato cha nne ili waingie digrii, jibu ni hilo, hakuna aliyekukomoa.

Nije kwenye jambo ambalo nyinyi hamlioni kwa kuwa limewakaa puani. Mnajiona washamba. Mnaniandikia, "Dada, nimetokea kijijini, sekondari ya kata, Kiingereza changu cha kuungaunga, nitawaweza watoto wa Dar?" Kiingereza kitakusumbua mihula miwili ya kwanza, sikufichi. Mihadhara ni Kiingereza, mitihani ni Kiingereza, na mwalimu hatakusubiri ufungue kamusi. Tafuta kikundi cha msuli mapema, watu wanne au watano, na mmoja wenu awe mtu anayeweza kusema "sijaelewa" bila aibu. Madesa ya kaka na dada waliotangulia chukueni, ila msiyafanye Biblia, maana kuna desa linazunguka na makosa yaleyale kila mwaka na kila mwaka watu wanapata sapu kwa ajili yake. Hilo la lugha linapona.

Lakini watoto wa mjini hawatakuwa na ulichonacho, na hakuna mwalimu wa kuwapa.

Wodi ya wanaume, analetwa baba wa miaka thelathini na kitu, amekonda, anakohoa, anapumua kwa mabega. Ameshamaliza dozi ya TB na bado hapandi. Kwenye faili, mbele ya neno "kazi," pameandikwa "mkulima." Kweli ana shamba. Kila mtu kwetu ana shamba. Mwenzako atasoma faili, ataandika ripoti ya zamu, atapita. Wewe uliyekulia Nyarugusu au Kakola utamwangalia na kumuuliza, "Baba, ulikuwa duarani au kwenye karasha?" Atacheka kidogo, kwa kuwa hatimaye kuna mtu amemjua. Atakwambia miaka mingapi amesaga mawe. Mawe yale yana silika, na karasha ikiyasaga vumbi lake linakuwa laini kuliko unga wa dona, linashuka hadi mwisho wa mapafu na kuacha makovu. Pafu lenye makovu ya silika ni makao mazuri kwa vijidudu vya TB. Dawa zinaua vijidudu, kovu linabaki, na akirudi karashani anaongeza kovu juu ya kovu. Swali lako la sekunde tano limebadilisha kitakachoandikwa kwenye faili, na kitakachoambiwa familia kuhusu kurudi kazini.

Zebaki ni hivyohivyo. Nyinyi mmeona wenyewe: dhahabu imekamatwa na zebaki kwenye beseni, imekamuliwa kwenye kitambaa, ikachomwa juu ya jiko la mkaa, mama amepakata mtoto hatua mbili kutoka hapo, mvuke wake hauonekani wala haunuki. Miaka ya 2000 mradi wa Umoja wa Mataifa kupitia UNIDO uliwapima watu wa Rwamagasa kuhusu zebaki, wakiwemo watoto. Kutetemeka mikono, kukosa usingizi, kusahau, haya mwanafunzi wa kawaida atayaita uchovu au pombe. Muuguzi wa kliniki ya wajawazito anayejua kuuliza "nyumbani kwenu mnachomea wapi?" anafanya kazi ambayo hakuna kipimo cha haraka kinachoweza kuifanya badala yake.

Na la tatu, zito zaidi. Mnajua kuna dawa za mitishamba ambazo bibi au mama mkwe humpa mjamzito ili uchungu upande haraka. Mjamzito akifika hospitali hasemi. Atasemaje, wakati nesi ameshamfokea mlangoni kwa kuchelewa? Sasa amelazwa, uchungu unaonekana unasuasua, anaanzishiwa dripu ya oksitosini. Dawa ya hospitali juu ya dawa ya bibi, kizazi kinabanwa kupita kiasi, kinaweza kupasuka. Mama anaweza kufa, mtoto anaweza kufa, na kwenye kikao cha kuchunguza kifo watu watasoma chati bila kuona kilichotokea, kwa sababu hakikuandikwa. Mwanafunzi aliyemsogelea yule mama na kumwambia "mwangaluka, mayu," akamkanda kiuno, akamuuliza polepole kwa Kisukuma kama kuna kitu alikunywa jana usiku, huyo huambiwa. Nimeona wanafunzi wa mwaka wa pili wakiambiwa mambo ambayo mabingwa hawakuambiwa. Usione haya na Kisukuma chako. Ukiwa chuoni kinoe zaidi.

Haya, dini.

Dada yangu Mwislamu, vyuo hivi vimesajiliwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na vinapokea watu wa dini zote. Utakutana na sala kwenye hafla, misa ya kufungua mwaka, misalaba ukutani, na kanuni za mavazi na hosteli ambazo ni kali kuliko za chuo cha serikali. Hakuna atakayekubatiza. Suala la hijabu na sare ya wodini liulize kabla ya kuthibitisha nafasi, na uliulize kwa barua au baruapepe ili ujibiwe kwa maandishi, kwa sababu maneno ya mdomo ya mtu wa dirishani hayakulindi. Wasabato nao, ambao kwetu ni wengi: wodi haijui Jumamosi. Zamu zitapangwa, na mtihani unaweza kuangukia hapo. Ulizeni mapema kuna utaratibu gani wa kubadilishana zamu. Kuna wanaojua kupanga na wenzao wa Jumapili, "nishikie yangu nikushikie yako," wakamaliza miaka yote bila ugomvi.

Kuna swali moja ambalo watu huona aibu kuliuliza kwenye chuo cha Kanisa Katoliki, nami nitaliuliza kwa niaba yenu. Kanisa Katoliki halikubali vidonge, sindano na vijiti vya uzazi wa mpango. Wewe ukimaliza utapangiwa zahanati ya serikali huko Mbogwe, na asubuhi ya kwanza kuna akina mama 30 kwenye benchi wanaotaka hivyohivyo. Kwa hiyo ulizia: uzazi wa mpango tunausoma vipi, na tunaufanyia mazoezi kituo gani? Chuo makini kitakuwa na jibu lililonyooka. Usiliulize kwa kejeli, wala usiende ukidhani unamtega padri.

Kwa upande wangu, kilichonivutia kwa wauguzi wengi waliolelewa kwenye hospitali za misheni ni nidhamu ya vitu vidogo: kitanda kimetandikwa hata kama mgonjwa ni wa kufa leo, maiti inaoshwa kwa heshima, mtu maskini hasemwi vibaya kwenye korido. Siwezi kuapa kwamba kila aliyesoma huko anayo. Wapo waliosoma huko na midomo yao ni wembe. Lakini kama unataka mahali ambapo kumfokea mama wa leba ni dhambi na pia ni kosa la kazi, una mahali pa kuanzia.

Tuje kwenye pesa, maana ndiko wengi mnakwama.

Yule ambaye kaka yake ameahidi: mwambie kaka asante, tena kwa heshima, kwa sababu wengi wetu huku tumesomeshwa na duara. Tatizo ni kwamba ada ina tarehe na duara halina. Linaweza kutema Septemba, likanyamaza mpaka Mei, na Januari chuo kinafunga orodha ya watakaoingia kwenye mtihani. Basi kubalianeni hivi: siku likitema, kabla ya pikipiki, kabla ya bati la nyumba ya Katoro, kabla ya marafiki kujua, fedha ya mwaka mzima iende benki kwenye akaunti ya chuo na risiti ipigwe picha utumiwe. Isipitie kwako mkononi wala kwa mjomba. Na kama mwenye duara si kaka bali ni "rafiki" anayetaka kukusomesha, unajua vizuri anachonunua. Sitaongeza neno hapo.

Msikae mkisubiri dhahabu wakati Bodi ya Mikopo ipo. Vyuo vya Kanisa vinahesabika kama vingine, na wanafunzi wake wanaomba mkopo HESLB kama wa serikali. Fedha ya chakula na malazi, ile bumu, imepandishwa kutoka 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Kumbukeni ni mkopo: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa mpaka deni liishe. Waliong'ara kweli kwenye masomo ya sayansi waangalie pia ufadhili wa Samia ulioanza 2022.

Kinachowaangusha watu wa kwetu kwenye mkopo mara nyingi ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA. Kama baba amefariki, Bodi inataka cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Sasa baba alifia machimboni, mkoa mwingine, akaletwa kwa gari usiku akazikwa kesho yake. Nani alikumbuka cheti? Mtoto anaomba mkopo, anajaza kwamba ni yatima, hana ushahidi, mfumo unamhesabu kama mwenye baba mzima. Anapewa kidogo au anakosa kabisa. Ndiyo maana nawasihi walio kidato cha tano sasa hivi: msisubiri matokeo. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji, chukueni barua ya kuthibitisha kifo, mwende wilayani kwenye usajili wa vizazi na vifo. Angalieni jina la baba limeandikwa vilevile kwenye cheti chenu cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha kifo. "Masanja" kwenye kimoja na "Massanja" kwenye kingine inatosha kukuzungusha wiki nzima kwenye dirisha la ofisi. Na namba ya NIDA, jamani.

Sasa ile diploma niliyosema nitairudia. Kama nyumbani hakuna kipato cha kueleweka, wadogo zako ni wengi na wewe ndiye wa kwanza, mimi ningeanza na diploma. Wengine watapinga, wataniambia nawakatisha tamaa watoto wa maskini. Wapinge. Diploma ni miaka mitatu, Kolandoto au Sengerema ni karibu na nyumbani, na tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo inawakopesha pia wa diploma kwenye baadhi ya fani za afya, ila hakikisha kwanza kama uuguzi umo kwenye orodha ya mwaka wako. Ukimaliza unafanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, unapata leseni, unaanza kazi kama afisa muuguzi msaidizi. Ukiwa na GPA ya 3.0 kwenda juu na zile D za kidato cha nne za Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia na Kiingereza, mlango wa digrii uko wazi, na unaingia ukiwa mtu ambaye hashangai akiona damu. Kwenye kundi la wanafunzi wa digrii, hao waliotoka kazini ndio wanaokimbiliwa mgonjwa akizidiwa. Wanachohangaika nacho ni baiokemia. Ila wakati wa kuomba soma mwongozo wa TCU wa mwaka huohuo, si wa mwaka aliosoma binamu yako, kwa kuwa vigezo hubadilishwa.

Baba anayesema unesi ni kumwaga mikojo: usibishane naye wewe. Mtume shangazi. Kwetu binti akitaka jambo kubwa kwa baba yake, shangazi ndiye anayejua kuingia saa ngapi. Na tusizungukane, mara nyingine mikojo ni kisingizio, kuna watu wameshakuja kuulizia ng'ombe wa mahari. Utafiti wa idadi ya watu na afya wa 2010 uliutaja mkoa wa Shinyanga kuwa wa kwanza nchini kwa ndoa za utotoni, asilimia 59, wakati wastani wa taifa ulikuwa 37. Shangazi ajue hilo pia: kwamba ukiolewa sasa kwa ahadi ya "utasoma huko huko," mara nyingi huko huko hakusomwi. Kama shangazi naye ameshakula upande wa ng'ombe, nenda kwa mwalimu wako wa Biolojia au kwa mchungaji. Wazee wanawasikia.

Wewe uliyezaa ukiwa kidato cha tatu ukarudi shule, nafasi yako ipo palepale kama ya wengine. Panga tu mtoto atalelewa na nani katika miezi ya zamu za usiku, na mpangaji asiwe wewe peke yako.

Wavulana mnaoniandikia kwa kujificha: uuguzi ni wenu pia. Wodi za majeruhi na za afya ya akili zinawasubiri. Mtaitwa "dokta" na wagonjwa kila siku. Warekebisheni kwa upole, na wodi ya wazazi msiikimbie.

Ajira. Hapa nitakuwa mfupi kwa kuwa ukweli wenyewe ni mfupi. Digrii haikupi ajira siku ya mahafali. Ukimaliza utarajali, utaomba serikalini kwenye mfumo wa ajira pamoja na wenzako wengi, na wengine hukaa wakijitolea kwenye vituo kwa posho ya nauli. Zipo hospitali za Kanisa, zipo za binafsi Kahama, ipo hospitali ya rufaa ya kanda Chato. Migodi mikubwa kama Geita na Bulyanhulu ina huduma zake za afya, lakini wanataka watu waliokwishafanya kazi ya dharura, hivyo usijidanganye kwamba gari la mgodi litakusubiri nje ya ukumbi wa mahafali. Mshahara sitauandika, maana nikiandika leo mtaniletea gazeti hili kama ushahidi baada ya miaka mitano.

Na nyinyi wa Geita, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hamna tena kisingizio cha kivuko. Mama anaweza kuja kukuona Mwanza na kurudi siku hiyohiyo. Hilo ni zuri. Baya lake ni kwamba na wewe utataka kurudi nyumbani kila Ijumaa. Muhula wa kwanza, usirudi hovyo.

Mwisho kuna aliyeniuliza anunue nini kabla ya kuripoti, ana shilingi elfu hamsini tu mkononi. Viatu vyeusi vya kufunika kidole, soli laini isiyoteleza, visigino usijaribu. Kalamu mbili za wino mweusi na moja nyekundu. Na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Simu hairuhusiwi kushikwashikwa mbele ya mgonjwa, na saa za namba zinazowakawaka zitakuchanganya ukihesabu mapigo. Kwenye soko la Kahama utazipata za bei ya chini kabisa. Usinunue ya dhahabu.